Eti "tairi liko sawa boss, gari lako ndo fupi"!! Huyu fundi wa matairi tunamlea wa nini??

EJ_wa_Tabata:
Wakuu habari za jioni, mimi sina habari nzuri. Naandika mikono inatetemeka, wife kaniuliza kuna nini nimeshindwa hata kumjibu nimekimbilia huku kwenu. Yule fundi wa matairi, simtaji jina, mnamjua, yule wa kofia ambayo haijawahi kukutana na sabuni, pale pale tunapoendaga wote tukilia shida, leo kaniambia mbele za watu "tairi liko sawa boss, gari lako ndo fupi."

Gari langu ndo FUPI. Subaru Impreza STI ya 2003. Yaani wale wazee wa kiwanda cha Ota kule Gunma wamekesha na vipimo vyao, wamelipeleka gari kwenye rali dunia nzima, kumbe walikuwa wanamsubiri mtu wa kuja kuwaambia wamelikata fupi.

Kisa chenyewe. Tairi mbili za nyuma zimeisha, nikaenda nikamwambia nataka 225/45R17, na nikamwonyesha stika ya mlango wa dereva, imeandikwa, mtoto wa chekechea anaisoma. Akasema "nimekusoma boss." Nikamwachia ufunguo nikaenda kuswali Alasiri. Narudi nakuta gari pua iko chini nyuma iko juu kama panzi anayejipanga kuruka. Nainama nasoma ubavu wa tairi, 225/55R17. Hiyo ni saizi ya Forester wakuu. Namuuliza hii nini, ananijibu bila hata kuniangalia, "sasa Forester si Subaru? na hii si Subaru? hao ndugu, wanaazimana."

Sasa subirini. Tairi lilikuwa refu mpaka linagusa kile kikombe cha springi ya shokapu, kwa hiyo huyu bwana akaona atumie akili, AKAWEKA SPESA, lile bamba la kati ya rimu na gari, lisogee nje. Limesogea nje likaanza kugusa fenda. Mtu mwenye mama yake angesimama hapo. Yeye akaenda kuchukua nyundo. Sio nyundo ya mpira, nyundo ile ya kupigia misumari ya kenchi, akaanza kuikunja fenda yangu ko ko ko, rangi inadondoka, mimi napiga kelele, ndo akainua kichwa akaniambia kwa upole kabisa, kwa upole wakuu ndo kinachoniuma, "tairi liko sawa boss, gari lako ndo fupi."

Bodaboda walizima pikipiki ili wasikie vizuri. Mama wa mihogo kaacha mihogo inaungua anacheka kashika nguzo. Kuna mzee alikuwa anapita na mambo yake akasimama akaliangalia gari akatikisa kichwa akasema "kweli fupi." MZEE WA WATU HATA HATUJUANI.

Kutoka pale mpaka Tabata nimesalimiana na kila tuta. Kila shimo kwaaa. Nikikata kona gari linagoma, linashtukashtuka, huko chini kunalia kitu sikijui. Hela hajarudisha, anasema za 45 "zinakuja na kontena."

Sitaki ushauri. Nataka mtu mmoja tu humu aniambie gari fupi maana yake nini.

Mgonjwa wa Magari:
Picha mkuu. Uzi wa nyuma juu bila picha hatuupokei.

Canter_Mkongwe:
Nimecheka mpaka kondakta wangu kadhani nimepata ajali. Ila mdogo wangu tusiongopeane, lile gari nililiona pale Segerea, ni fupi.

EJ_wa_Tabata:
Mzee heshima yako lakini wewe Canter kila kitu utakiona kifupi!!

Hesabu Nne:
Tutulie tuelimishane. Ile 45 ni asilimia ya upana, ndo urefu wa ubavu. 225 mara 0.45 unapata milimita 101, ubavu wa juu na wa chini 202, jumlisha rimu ya inchi 17 ambayo ni 432, tairi zima lina 634. Ukiweka 55 linafika 679. Tofauti milimita 45, asilimia 7. Maana yake tairi za nyuma zikizunguka mara 100 za mbele zinazunguka mara 107, hata kwenye barabara iliyonyooka. Kwenye gari ya kuvuta mbele isingekuwa kesi kubwa, ila STI inavuta zote nne na katikati kuna difu yenye klachi inayogawa nguvu mbele na nyuma, hiyo ndo unayoisikia inalia ukikata kona. Subaru wanataka mzingo wa tairi usipishane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6 hivi. Wako umepishana milimita 141. Kama huna namna, na gari lako lina DCCD, ile swichi ya dereva ya kukaza na kulegeza difu ya kati, weka manyuo, ishushe mpaka mwisho difu iachie, uende polepole ukazitoe. Na usiende mbali.

EJ_wa_Tabata:
Mkuu nashukuru ila umeandika yote hayo na suala la FUPI hujaligusa.

Hesabu Nne:
Kwa hesabu, nyuma imepanda milimita 22 na nusu. Kwa hiyo mbele ndo imebaki fupi. Kimahesabu fundi hajakosea sana.

EJ_wa_Tabata:
Nimekublock.

Mbuyu wa Njombe:
Ngoja kwanza. Gari inavuta zote nne we unabadilisha mbili?? Hata angekuwekea 45 mpya nyuma na mbele una vipara bado difu ingekulilia. Hizi gari zinabadilishwa nne kwa mpigo ndugu yangu, kama hela ya nne huna nunua Passo.

EJ_wa_Tabata:
Za mbele ni NZIMA. Na mimi sijaja hapa kupimwa mfuko, nimekuja kwa sababu mtu kapiga fenda yangu nyundo halafu kaniambia gari langu ndo fupi. Someni uzi.

Dada wa Vitz:
Poleni kaka zangu, nyie angalau mnaitwa boss. Mimi nilienda kwa huyo huyo, kofia ile ile, Vitz yangu inavaa 165/70R14 akanifungia 175/65R14. Nauliza ananiambia "dada kamlete mzee nyumbani tuongee." Mzee gani, gari la kwangu, mkopo nalipa mimi!!

Hesabu Nne:
Dada hiyo haina shida, 165/70 ina milimita 587 na 175/65 ina 583, hazifiki hata asilimia moja. Upana ukipanda ubavu unashuka, ndivyo inavyotakiwa. Hata huyo wa STI angetaka kupanda inchi 18 angechukua 225/40R18, ina 637, karibu sawa na yake.

Dada wa Vitz:
Sijauliza milimita. Nimeuliza kwa nini nimlete mzee.

Canter_Mkongwe:
Binti yangu hapo kakukosea adabu, nakuunga mkono. Angekuwa kijana wangu ningemchapa spana.

Altezza_Usiku:
Nyie wote mnalalamika tairi kubwa. Mimi kilio changu ni tairi dogo. Altezza RS200, rimu inchi 18 upana 9J, yaani inchi 9, nataka tairi jembamba la 205/40 livutwe mpaka lishike rimu, likae lile pozi la kulala. Akashindwa kulikalisha kwa upepo, akamwaga petroli ndani ya tairi akawasha kiberiti. BUUM. Tairi limekaa, sawa, ila rimu imeungua rangi yote na nyusi zangu hazijarudi hadi leo. Nalalamika ananiambia "si limekaa?"

Mgonjwa wa Magari:
Picha ya nyusi tafadhali.

Mbuyu wa Njombe:
We Altezza unavuta 205 kwenye rimu ya 9J, kwenye mashimo haya ya Dar? Ubavu ukigonga shimo moja rimu inakunjika unaanza kumtafuta mchawi. Huna kesi.

Altezza_Usiku:
Bora mimi gari linaonekana. Nyie Subaru mnasikika tu kama jenereta mnakata mafuta mnafika mwisho wa mwezi hamna nauli.

Mark X Mtulivu:
Nilikuwa napita kimyakimya ila kwa mafuta Mark X inakunyoosha vizuri zaidi na huisikii hata kelele. Sita silinda wakuu. Hatuna muda wa difu ya kati.

EJ_wa_Tabata:
Mark X imeingiaje hapa???

Mse wa Thika Road:
Maze poleni sana majirani. Hapa Nairobi tuna wa kwetu, niliachia fundi wa jua kali Subaru WRX yangu anibadilishie beringi ya gurudumu, kurudi hivi nakuta nati nne. Zinafaa kuwa tano. Namuuliza ya tano iko wapi, anasema "hiyo ya tano ilikuwa ya urembo." Hata sikuwa na nguvu za kukasirika.

Canter_Mkongwe:
Hahaha ya urembo. Huyo na wa kwetu ni mtu na kaka yake.

Dalali Mwaminifu:
EJ nina 225/45R17 pea, mtumba wa Japani, kashata, yaani meno ya tairi, bado ipo, DOT 2314. Njoo inbox tuongee bei ya kaka na kaka.

Hesabu Nne:
2314 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Hilo tairi lilitakiwa liwe shuleni sa hizi.

Dalali Mwaminifu:
Mkuu tairi la Japani halizeeki, linakomaa. Acha watu wafanye biashara.

Dada wa Vitz:
Ukweli dalali hizo muache. Nilinunua za namna hiyo, zina kashata nzuri tu, mvua ya kwanza breki ikawa maombi.

Mark X Mtulivu:
Haya mambo ya matairi ni madogo sana. Kuna mtu humu anamjua yule fundi wa AC, simtaji, mnamjua, wa lile kontena la bluu? Mimi yule nina kesi naye ya maisha.

Mbuyu wa Njombe:
Wa gesi?? Huyo ongeza sauti mkuu, mimi alinijazia gesi asubuhi jioni napuliziwa joto la Dodoma.

Altezza_Usiku:
Mimi alinijazia gesi aliyoitoa kwenye friji la baa. Nimeona kwa macho yangu, wateja wanalalamika bia za moto, mimi nina baridi.

Hesabu Nne:
Kama ni gesi ya R134a hata friji nyingi za zamani zinaitumia hiyo hiyo, kwa hiyo kitaalamu hakukukosea.

Altezza_Usiku:
Kitaalamu alichukua elfu sitini na mwenye baa ananidai friji.

Mgonjwa wa Magari:
Picha ya friji.

EJ_wa_Tabata:
Wakuu naomba turudi kwenye mada. Fenda yangu

Mark X Mtulivu:
EJ subiri kidogo. Altezza, kontena la bluu bado yupo pale pale au kahama? Nataka nipite kesho asubuhi kabla hajanywa chai.