Magna Carta ndo chanzo cha demokrasia kweli?

mtafiti_mdogo:
Wakuu habari zenu, naomba kueleweshwa. Kila nikisoma habari za demokrasia naambiwa mzizi wake ni Magna Carta, ule mkataba wa haki wa Uingereza wa 1215, ila nikiangalia naona ni makabaila tu walimbana mfalme John pale Runnymede wakitetea mali zao, mkulima hakuwepo. Sasa demokrasia iko wapi hapo?

Mzee wa Hoja:
Upo sahihi mkuu, walijipigania wenyewe. Na haikumaliza hata miezi mitatu, Agosti hiyohiyo Papa Innocent III akaibatilisha. Ila iliandikwa tena 1216, 1217 na 1225, na kile kifungu cha 39, kwamba mtu huru hakamatwi wala hafungwi bila hukumu halali ya wenzake au sheria ya nchi, kikabaki. Shida ni hapo kwenye "mtu huru", wakulima wengi zama hizo walikuwa watwana wa mabwana.

binti_mvita:
Mi naona mmekazania wafalme tu jamani. Someni kesi ya London ya 1670, William Penn na William Mead walishtakiwa sababu Penn alihubiri barabarani baada ya askari kufunga nyumba yao ya ibada. Raia 12 wa jurii, yaani wale wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, wakagoma kuwatia hatiani, wakafungiwa siku mbili usiku na mchana bila chakula, bila maji, bila moto, hata chombo cha kujisaidia wakanyimwa, na walipotolewa jibu likawa lilelile! Wakapigwa faini, Edward Bushel akakataa kulipa akaenda jela, akaomba habeas corpus, yaani amri ya kumfikisha mfungwa kwa jaji aangalie kama kifungo ni halali, na Jaji Mkuu Vaughan akaamua jurii haiadhibiwi kwa uamuzi wake. Hawa hawakuwa makabaila, na mimi nawaheshimu kuliko wale wa Runnymede wote.

Mzee wa Hoja:
Hapo umenishika dada. Ongezea na Sheria ya Haki ya Uingereza ya 1689, ndo iliyosema maneno ya mbunge bungeni hayahojiwi mahakamani, na ibara ya 100 ya Katiba yetu Tanzania inasema hivyohivyo.

mtafiti_mdogo:
Asanteni sana, hao wa jurii sikuwahi kuwasikia. Ila dada, si habeas corpus ni sheria ya 1679? Bushel aliipataje 1670?

binti_mvita:
Ilikuwepo mahakamani karne nyingi tu, ila mkuu wa jela aliweza kukuzungusha, mara umehamishwa, mara kesho. 1679 bunge likaweka siku za mwisho za kumfikisha mfungwa kwa jaji, na faini kwa anayechelewesha.