Tupeane uzoefu: hadiwea za zamani na wale waliotuonyesha vitu kabla ya kutuuzia

Wadau, jana nilipita Kirinyaga Road hapa Nairobi, ile ambayo wazee wetu hawakuacha kuiita Grogan, kutafuta skrubu nne za kitasa. Nikauziwa pakiti nzima ya plastiki, bila kufunguliwa nione kama zinaingia. Nikamkumbuka marehemu baba.

Baba alikuwa seremala, tukikaa Kaloleni. Mwisho wa mwezi tulikwenda kwa mzee mmoja Mhindi, duka jembamba linalozama ndani, linanukia tapentaini na kamba za katani. Misumari ilikaa kwenye masanduku ya mbao, kila inchi na sanduku lake. Ukitaka nusu kilo anachota, anapima kwenye mizani, anakufungia kwa gazeti. Juu ya kaunta palikuwa na kipande cha mti kilichojaa makovu, cha kujaribia patasi. Siku baba aliponunua pima maji, mzee aliilaza kaunta, tukatazama kitone cha hewa, kisha akaigeuza kichwa kuwa mkia. "Fundi, kitone kikirudi palepale, ni ya kweli. Kikihama, usinunue." Mimi hupima hivyo mpaka leo.

Nanyi mna yapi?

Wa Eastleigh: Yangu ni stovu ya shaba, ile ya pampu. Kulikuwa na baba mmoja akiiwasha barazani mwa duka. Anatia spiriti kwenye kikombe, anawasha, halafu anangoja. Akina mama wanamhimiza, naye hapigi pampu mpaka spiriti ikaribie kuisha. Alieleza kwamba mafuta ya taa lazima yageuke mvuke kwanza. Ukiharakisha yanatoka majimaji na moto unaruka wa manjano. Moto ukishakuwa buluu na kuanza kunguruma, sisi watoto tulipiga makofi.

Wa Kayole: Shoo ya Jamhuri, yale maonyesho ya kila mwaka, kikata kioo! Jamaa aliyekuwa akiviuza alichovya kigurudumu kwenye mafuta ya taa, akavuta mstari mmoja, akagonga kwa chini, kioo kikaachana kama biskuti. Nikanunua kwa pesa yangu ya nauli. Nyumbani nikapasua kioo cha kabati la mama, na fimbo niliipata. Mwaka uliofuata nikamtafuta. Akaniuliza, "Ulipitisha mara ngapi?" Nikasema tatu. "Mara moja tu, kijana, usirudie. Na sikiliza, kioo kinatoa sauti." Akanipa vipande chakavu nijifunzie pale pale hadi jioni. Leo naweka vioo vya madirisha, ndiyo kazi yangu.

Wa Buruburu: Si wote walikuwa wa kweli. Mimi nilinunua kimashine cha karoti, kwa muuzaji kilikata karoti kama karatasi, kwangu makali yaliisha wiki ya kwanza.

Wa Kawangware: Jiko lenye udongo ndani, lilipoanza miaka ya 80. Mama hakuamini. Kule Kamukunji, kwa mafundi wa bati, fundi mmoja akawasha mawili, la bati tupu na hilo jipya, makaa kiasi kilekile, sufuria mbili za maji. La bati lilishakuwa jivu, lile jingine bado jekundu. Mama alilibeba kichwani hadi stendi.

Asanteni sana, wadau. Wa Kayole, umenigusa. Sasa nauliza: kuna duka lolote mjini ambalo bado lina kipande cha mti juu ya kaunta? Nina patasi ya kununua.