Naomba ushauri: mbegu za msambu hazichipui kitaluni

Ndugu wanakikundi, nawasalimu kwa heshima.

Nina shamba linalopakana na msitu wa Usambara Mashariki, upande wa Amani, na nimekusudia kurudisha misambu (Allanblackia stuhlmannii, miti ya msituni yenye mbegu za mafuta) kwenye ukanda unaogusa msitu. Mti huu, kama mjuavyo, asili yake ni misitu yenye unyevu ya milima ya Tao la Mashariki hapa Tanzania tu, na kila kipande cha msitu kinachofyekwa kinaupunguzia makazi ambayo hauna kwingine pa kuyapata.

Mwaka jana niliokota mbegu 60 katika matunda yaliyoanguka yenyewe, kabla panya buku hawajayafikia, nikazisia siku hiyohiyo kwenye kitalu chenye kivuli, kwa sababu mbegu hizi hazivumilii kukaushwa. Miezi 10 imepita, nimemwagilia bila kukosa, na zilizoota ni 3 tu. Baadhi nilizofukua bado ni nzima, jambo linalonipa matumaini na kunitatiza kwa pamoja.

Je, aliyewahi kumenya ganda la mbegu kabla ya kusia alifanyaje bila kujeruhi kiini, na ziliota baada ya muda gani? Pili, kwa kuwa msambu una miti ya kiume na ya kike, nayo haitambulikani mpaka ichanue, kikonyo (kijiti cha kupandikiza) cha mti wa kike hubebeshwa juu ya mche ukiwa na unene gani? Miti ya kiume michache nitaiacha, maana bila hiyo hakuna tunda.