MREJESHO: Rufaa ya kesi ya bangi, hati ya upekuzi haikusomwa mahakamani

Wakuu, niliuliza kama hati ya upekuzi iliyopokelewa bila kusomwa inatosha kumtoa aliyefungwa. Peke yake haitoshi. Hati inaondolewa kwenye kumbukumbu, ila shahidi aliyeeleza upekuzi kwa mdomo ushahidi wake unabaki.

Nguvu iko kwenye mnyororo wa utunzaji wa kielelezo: nani alikamata, nani alifunga lakiri, nani alipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa. Linganisheni uzito na alama za kifurushi kwenye hati ya ukamataji, ripoti ya maabara na mwenendo wa kesi (kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani). Gramu zikipishana bila maelezo, iwekeni kuwa sababu ya kwanza ya rufaa.

Hapa Tanzania, kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu, notisi ya kusudio la kukata rufaa ni ndani ya siku 10, rufaa yenyewe 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala za hukumu na mwenendo. Mfungwa anapitishia nyaraka hizo kwa mkuu wa gereza.