Wakuu, nitajuaje kama bunduki ya Mauser ya 1871 imechakachuliwa?

Mzaliwa wa Tanga:
Habari zenu wakuu. Naishi Ohio, nakusanya vitu vya zama za Mjerumani kwetu. Nimepata Mauser ya 1871, ile fupi waliyoiita Jägerbüchse. Askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Mjerumani, walikuwa nayo bado vita vilipoanza 1914, ya risasi moja moja na moshi mzito. Muuzaji anataka dola 1,400. Inang'aa kama sahani mpya, na ubavuni ina herufi K.S., yaani Kaiserliche Schutztruppe. Mwaka jana niliuziwa kitako cha bunduki moja na mtutu wa nyingine, bado inaniuma. Niangalie nini kabla sijatoa hela?

Fundi Chuma:
Mkuu, mimi huo mng'ao ndio unanitisha. Chuma kikipigwa msasa, kona kali zinaviringika, matundu ya skrubu yanabonyea kama visahani, na mistari myembamba ya herufi inafutika kwanza. Omba picha ya karibu ya maandishi "Mod. 71". Hizo K.S. zipitishie ukucha. Chapa iliyogongwa juzi mara nyingi ina ukingo ulioinuka, tena ndani yake chuma ni cheupe wakati pembeni ni cheusi.

Mama Zuri:
Usisahau namba, ndugu yangu. Mjerumani aligonga namba kwenye vipande vingi, hadi vichwa vya skrubu vina tarakimu mbili za mwisho. Zisipolingana, imeungwaungwa. Unaweza kuinunua, ila bei ishuke sana. Halafu pima mtutu. Ile ndefu ya askari wa miguu ina kama sentimita 85, na wapo wanaoikata ili waiuze kama Jägerbüchse. Tazama mdomo wa mtutu na kilengeo cha mbele, maana mtutu ukikatwa kilengeo hubandikwa upya.

Mzee wa Kisauni:
Someni chapa, wanangu. Niliwahi kushika Martini-Henry, bunduki ya Mwingereza, yenye taji, V.R. (Victoria Regina, yaani Malkia Victoria) na mwaka 1906. Malkia Victoria alifariki 1901! Herufi N nayo iligeuzwa. Ni kazi ya mafundi wa Khyber, kule mpakani mwa Pakistan na Afghanistan, wanaoiga bunduki za Waingereza.

Mzaliwa wa Tanga:
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Ametuma picha ya mdomo. Kilengeo kimekaa upande, na chini yake kuna mstari wa lehemu unaometa. Nimemwambia sichukui.