Naomba ushauri: umeme ukikatika msimu wa baridi kali, tanuru ya gesi niiendesheje?

Wakuu habari zenu. Nyumba yetu inapashwa joto na tanuru ya gesi. Umeme ukikatika gesi ipo, ila feni ya kusukuma hewa ya moto haizunguki, basi tunaganda na gesi yetu.

Nina betri moja ya asidi, volti 12, Ah (ampea-saa) 100. Kwa hesabu ni wati-saa 1,200, lakini sipendi kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo nina kama 600 tu. Hita ya wati 1,500 ingezimaliza kwa dakika 24. Hiyo nimeifuta.

Feni inakula wati 500 hivi ikishazunguka. Wasiwasi wangu ni pale inapoanza, maana mota huvuta umeme mwingi zaidi kwa muda mfupi. Inveta yangu (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ni ya wati 1,000, tena si ya wimbi safi, yaani umeme wake hauna mawimbi laini kama ya umeme wa gridi. Kuna aliyewahi kuendesha feni ya tanuru kwa inveta ya aina hii? Mota haiungui? Na ile kadi ya kuongoza tanuru, haigomi?

Nikikwama nitanunua jenereta. Itakaa nje, mbali na madirisha, maana moshi wake unaua (na gereji ni ndani, tusidanganyane). Nitafunga chenjiova pia (swichi ya kuchagua umeme wa gridi au wa jenereta), sitaki kurudisha umeme kwenye nyaya za nje ukamdhuru fundi. Niambieni tu: ya wati 2,000 itatosha feni, friji na taa chache, au nipande juu?