Mtoto wa mwanajeshi apewe kipaumbele jeshini? Kwetu ni vizazi vitatu na mimi napinga

Wakuu salaam. Kila JKT wakitangaza nafasi za kujitolea inaibuka hoja ileile, kwamba watoto na wajukuu wa wanajeshi waanze wao ndo wengine wafuate, eti damu ya jeshi haipotei na mtoto wa kota za jeshi nidhamu anayo tayari. Mimi napinga, tena napinga nikiwa mtoto wa kota.

Babu mzaa baba alikuwa Keya (KAR, jeshi la Mwingereza la askari waafrika huku kwetu), wakampeleka Bama, yaani Burma, kupigana na Wajapani vita ya pili. Karudi na nishani ya nyota na kiinua mgongo ambacho Mwingereza alikipanga kwa rangi, mzungu juu mwafrika chini kabisa, wakati malaria ya kule haikuuliza rangi ya mtu. Nyota yenyewe tuliichezea watoto mpaka utepe ukaisha. Mzee wangu naye akaingia JWTZ, akavuka Kagera vita ya Idi Amin, Kampala inaanguka Aprili 1979 yeye yuko huko. Vita hakuisimulia kabisa, alichotuletea nyumbani ni ukaguzi, jumatatu asubuhi tunapanga mstari anakagua viatu vya shule na wala haangalii mbele, anakugeuza aone kisigino, ukipaka kiwi mbele tu unarudi kupaka upya na fimbo za kuchelewa shule utajua mwenyewe. Kaka akafuata, yuko kikosini mpaka leo. Mimi nauza spea za pikipiki na visigino vyangu vinang'aa. Sasa hiyo damu ilinirukaje?

Halafu historia tunaisahau. Tanganyika Rifles, jeshi letu la mwanzo baada ya uhuru, ilirithiwa mzimamzima kutoka Keya, Januari 1964 ikaasi pale kambi ya Colito, ndo Lugalo ya leo, Nyerere akaivunja akaanza upya na vijana wa TANU Youth League, JWTZ ikazaliwa Septemba 1 mwaka huohuo. Yaani jeshi letu limeanza kwa kukataa kurithi, leo tunataka turudi kulekule.

Na vimemo vya wakubwa vya kuombea watu wao nafasi vipo, tusidanganyane. Ukihalalisha "huyu mtoto wa fulani" umekipigia kimemo muhuri, na atakayefaidi hatakuwa mtoto wa koplo mstaafu wa huko Tandahimba, ni wa mkubwa.

Ninachokubali ni kimoja. Mtoto wa aliyefia kazini, kama wale walinda amani wetu waliouawa Semuliki kule Kongo Desemba 2017, serikali imsomeshe mpaka chuo bila mama yake kuzunguka na mafaili ofisi hadi ofisi. Hilo ni deni. Ila ajira ya bunduki hapana, kwanza nani kamuuliza huyo mtoto kama anaitaka, na huyo mama mjane je, mmemuuliza?

Mwisho niwarudishe 1978. Mgambo walichukuliwa vijijini, watu wa jembe kabisa, wakabeba silaha wakavuka mpaka sawa na mzee wangu, vita ilipoisha wengi wakarudi zao mashambani, kota wakaiona kwa mbali. Nyie wa damu ya jeshi, mjukuu wa mgambo ambaye hana hata picha ya babu yake kavaa gwanda mnampanga foleni ipi? Nijibuni hilo kwanza.